Nafasi ya Kitabu Nyumbani

Majuma machache yaliyopita, baada ya mafundisho ya Jumamosi, kijana mmoja alibaki nyuma wakati wenzake wakirudisha mabenchi mahali pake. Siku hiyo nilikuwa nimewahimiza wote wasome kila siku, walau ukurasa mmoja. Akanikaribia, akaniambia kwa sauti ya chini: “Mwalimu, nyumbani kwetu tuko watu kumi na mmoja katika vyumba vitatu. Kitabu ninacho. Lakini nisomee wapi?”

Sikuwa na jibu la haraka. Nilimwahidi kwamba nitalifikiri swali lake, naye akaenda zake. Aliniachia aibu niliyoifahamu tangu zamani, kwa sababu swali hilohilo liliwahi kuulizwa ndani ya nyumba yangu mwenyewe, na mimi ndimi niliyekuwa nimesababisha liulizwe.

Leo ninamjibu yeye, na pamoja naye ninyi nyote mnaosoma ukurasa huu. Nitawaeleza jinsi tulivyotengeneza pembe ya kusomea katika nyumba ya mbao, hapa Bukavu, bila fedha nyingi. Lakini nitaanza na kosa langu, maana asiyelijua kosa hilo, maelezo ya mbao na misumari hayatamfaa kitu.

Mwaka 1996 nilikuwa mwalimu kijana, nimetoka chuo cha ualimu si zamani. Nilikuwa na vitabu arobaini na kitu, nilivyovipata kimoja kimoja, na nilikuwa nimevipanga juu ya ubao ukutani ili kila anayeingia avione. Mwishoni mwa Oktoba vita vikafika mjini. Katika siku hizo hizo Askofu Mkuu wetu, Christophe Munzihirwa, aliuawa. Tulikimbia kwa miguu, kila mtu na alichoweza kubeba. Mimi nilibeba unga na blanketi. Niliporudi baada ya majuma kadhaa, ubao ulikuwa bado ukutani, lakini vitabu havikuwapo tena.

Siku chache baadaye nilinunua karanga huko Kadutu. Mama muuzaji akazifunga katika karatasi aliyoikunja kama pembe. Nilipomaliza kuzila niliifungua karatasi ile, nikakuta maandishi ya mkono wangu ukingoni. Ulikuwa ukurasa wa kitabu changu cha malezi ya mtoto, kile nilichokisoma usiku na mchana nilipojiandaa kwa mitihani ya ualimu. Sikumlaumu yule mama. Alihitaji karatasi, na watoto wake walihitaji kula. Lakini moyoni niliapa kwamba hakuna mtu atakayegusa tena kitabu changu bila ruhusa yangu.

Nikanunua sanduku la bati na kufuli. Kila kitabu nilichokipata tangu hapo kiliingia humo: Biblia, kamusi ya Kifaransa, riwaya za Zamenga Batukezanga, mwandishi wetu Mkongo aliyefariki mwaka 2000, mashairi ya Shaaban Robert niliyoletewa na rafiki kutoka Tanzania, vitabu vya hesabu, vitabu vya sala. Sanduku lilikaa chini ya kitanda. Ufunguo niliuvaa shingoni pamoja na medali ya Mama Maria. Nikaoa, watoto wakazaliwa, wote watano. Walikua wakijua kwamba baba yao ana vitabu kama vile watoto wanavyojua kwamba baba yao ana deni: jambo linalotajwa kwa sauti ya chini na lisiloonekana kwa macho.

Wakati huo parokia ilikuwa imenikabidhi kazi ya kuwatayarisha wasomaji wa Misa. Jumapili moja ya Misa ya watoto nilimchagua binti yangu wa tatu asome somo la kwanza. Alikuwa na umri wa miaka kumi na miwili, yuko darasa la sita. Sikumwuliza kama anataka. Nilimchagua kwa sababu alikuwa binti wa katekista, na katika fikira zangu hilo lilitosha.

Sentensi ya kwanza aliisema vizuri, maana nilikuwa nimemrudishia mara nyingi mpaka akaishika kwa moyo. Katika ya pili alikwama. Akaanza neno, akaliacha, akalianza tena. Nikamwona anatafuta kwa kidole chake juu ya ukurasa kama mtu anayetafuta sindano iliyoanguka. Watoto wa benchi la mbele wakacheka. Binti yangu akafunga kitabu, akashuka, akapita katikati ya kanisa mpaka mlangoni, akatoka. Mwenzake alipanda akamaliza somo.

Nyumbani nilimhoji mbele ya wote. “Mtoto wa mwalimu, darasa la sita, na hujui kusoma?” Hakujibu. Aliyejibu ni mke wangu. Aliniita Mwalimu, jambo alilolifanya tu alipotaka nisikie vizuri. Alisema: “Mwalimu, ndani ya nyumba hii makala yana pembe yake. Bidoni za maji zina pembe yake. Hata kuku anayelalia mayai ana kikapu chake. Wewe tuambie, kitabu kina pembe gani? Mtoto asomee wapi, na asome nini?”

Wapenzi vijana, mkono wangu ulikwenda wenyewe shingoni, ukaushika ufunguo. Wote waliuona.

Jumamosi iliyofuata nilianza kurekebisha mambo, lakini nilirekebisha kwa namna ya mwalimu. Niliweka meza sebuleni, chini ya msalaba, na mbele yake nikaweka kiti changu mwenyewe, kile chenye mikono. Nikachukua vitabu vitatu kutoka sandukuni, nikafunga kufuli tena. Nikaandika ratiba na kuibandika ukutani: kila mtoto nusu saa kwa siku. Mtoto alipomaliza, nilimwuliza maswali. Nani mhusika mkuu? Ametenda nini? Wewe unajifunza nini? Eleza kwa maneno yako.

Haukupita muda watoto wangu wakapata bidii ya ajabu katika kazi nyingine. Sijapata kuona watoto wakigombea kwenda kuteka maji kama katika majuma yale. Mmoja alijitolea kuchambua maharagwe. Mwingine aligundua kwamba mbabula inahitaji kusuguliwa kila siku. Yule binti yangu hakukikalia kiti kile hata mara moja. Mama yangu mzazi, aliyekuwa amehamia kwetu tangu kifo cha baba, alikaa karibu na mlango akitazama yote, wala hakusema neno.

Siku hizo nilikuwa nikitayarisha mafundisho juu ya Mtakatifu Agustino, Mwafrika mwenzetu, aliyezaliwa Thagaste katika nchi inayoitwa leo Algeria. Yeye mwenyewe ameandika jinsi alivyofika Milano, mwaka 384, na jinsi alivyokuwa akienda kumwona Askofu Ambrosi. Mlango wa Ambrosi ulikuwa wazi. Yeyote aliweza kuingia bila kutangazwa. Mara nyingi walimkuta anasoma kimya, macho yakipita juu ya kurasa, sauti yake imetulia. Agustino na wengine walikaa muda mrefu bila kusema, kisha wakaondoka, kwa kuwa hawakuthubutu kumsumbua.

Habari hiyo nilikuwa nimeifundisha mara kadhaa, kila mara nikimsifu Ambrosi kwa kupenda kusoma. Safari hii niliwaangalia wageni wake. Mahali pale pa kusomea hapakuwa na mlango uliofungwa. Watu waliokuwa karibu ndio waliopatengeneza, kwa kuzuia ndimi zao. Na hatusikii kwamba mmoja wao alimwendea askofu alipoinua macho na kumwuliza: Haya, umeelewa nini? Eleza kwa maneno yako.

Niliibandua ratiba yangu ukutani jioni ile ile.

Kesho yake nilimwambia binti yangu: “Tutatengeneza mahali pa kusomea. Wewe chagua wapi.” Kwa siku nne hakunijibu. Siku ya tano, akipita na ufagio, alinionyesha kwa kidole, bila kusimama: mwisho wa ujia mdogo kati ya chumba cha watoto na jikoni, mahali tulipoweka magunia ya makala, chini ya kidirisha.

Mimi nisingalipachagua kamwe. Hata hivyo, nilipokwenda kupachunguza nilikuta mtoto ameona vizuri kuliko mwalimu. Kidirisha kile kilielekea magharibi. Ninyi mnajua kwamba kwetu, karibu na ikweta, jua huzama karibu saa kumi na mbili jioni mwaka mzima. Asubuhi watoto wako shuleni. Wakirudi wanakula na kufanya kazi za nyumbani. Nafasi yao huanza kama saa tisa alasiri. Dirisha la mashariki lingewapa nuru wakati hawapo. Dirisha la magharibi liliwapa muda wa saa tatu za nuru wakati wapo. Jua linapokuwa kali na kuumiza macho, kipande cha kitenge chepesi kinatosha kulipunguza.

Haya ndiyo tuliyoyafanya, ili nanyi muweze kuyafanya.

Kwanza tulihamisha makala, tukasugua mbao kwa maji na sabuni mpaka vumbi jeusi likaisha. Pembe yenyewe ina urefu wa mita 1 na sentimita 40, na upana wa sentimita 80. Ni ndogo, lakini mtu mmoja anatosha, na watoto wawili wadogo wanabanana kwa furaha. Kati ya mbao za ukuta mlikuwa na nafasi zilizopitisha upepo wa ziwa na maneno ya majirani. Tulizijaza kwa vipande vya katoni, kisha tukabandika juu yake karatasi za kalenda za zamani, kwa gundi tuliyoipika kwa unga wa muhogo.

Benchi tulilitengeneza kwa mbao za kitanda kilichovunjika. Lina kimo cha sentimita 35, ili miguu ya mtoto ifike chini. Ubao wa nyuma tuliulaza kidogo, kwa maana ubao uliosimama wima huuchosha mgongo kabla macho hayajachoka. Mto ni gunia tulilolijaza nguo zilizochakaa, mke wangu akalishonea foronya ya kitenge. Tulilielekeza benchi ili nuru ya dirisha itoke mkono wa kushoto. Hilo nililijua kutoka chuo cha ualimu: anayeandika kwa mkono wa kuume, nuru ikitoka upande huo huo, mkono wake mwenyewe humtia kivuli kwenye daftari. Kwa anayeandika kwa mkono wa kushoto, geuzeni mambo.

Rafu ni ubao mmoja, mita moja kutoka chini, mahali ambapo hata mdogo wa mwisho anafika. Hatukuigandamiza ukutani. Tuliacha nafasi ya vidole vinne nyuma yake, kwa kuwa mji wetu uko juu, kama mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, na mvua inatunyeshea tangu Septemba hadi Mei. Mbao za ukuta hunywa maji, na kitabu kinachogusa ukuta wenye unyevu huota ukungu. Vitabu tunavisimamisha bila kuvibana, ili hewa ipite. Miguu ya benchi tuliitia katika mikebe yenye mafuta machafu ya gari, mchwa wasipande. Wakati wa kiangazi tunavitoa vitabu vyote nje, kivulini, tunavifungua vipigwe na upepo.

Juu ya taa nawaomba mnisikilize kwa makini. Umeme hukatika, nalo giza huja na kishawishi cha mshumaa. Katika nyumba ya mbao msisome kwa mshumaa, wala kwa koroboi, hasa mahali penye karatasi, kitambaa na mtoto anayesinzia. Ninyi mmeona jinsi moto wa nyumba moja unavyoteketeza mtaa mzima kabla watu hawajapata maji. Sisi tulinunua taa ndogo ya jua. Mchana inakaa juu ya mabati. Jioni inaning'inia kwenye msumari, upande wa kushoto. Siku taa isipokuwa na nguvu, kitabu kinafungwa mpaka kesho. Hakuna ukurasa unaolingana na nyumba ya jirani.

Yote hayo yalituchukua Jumamosi mbili. Kazi iliyobaki ilikuwa ngumu zaidi, nayo haikuhitaji nyundo. Tuliketi wote, wakubwa kwa wadogo, tukapatana kanuni tatu.

Ya kwanza: aliyekaa pale haitwi. Hatumwi dukani, haambiwi alete maji, isipokuwa chakula kimeiva au kuna hatari. Kwa sababu ujia ule hauna mlango, mke wangu alileta kitambaa chekundu. Anayeingia anakitundika kwenye msumari mwanzoni mwa ujia, na anayekiona anapunguza sauti. Ili pasiwe na mtu wa kukimbilia kitambaa kila vyombo vinapohitaji kuoshwa, tulikubaliana kwamba kazi za lazima zinatangulia, na kwamba zamu ni nusu saa ikiwa mwingine anangoja.

Ya pili: msomaji haulizwi alichokisoma. Akipenda kusimulia, tunamsikiliza. Kanuni hii ilitolewa na mwanangu wa kwanza, naye alipokuwa akiitoa alinitazama mimi.

Ya tatu: kitabu hurudi mahali pake.

Ikabaki habari ya ufunguo. Nilivuta sanduku kutoka chini ya kitanda mbele ya watoto, nikalifungua. Wapenzi vijana, sina budi kusema nilichokikuta. Vitabu vinne vya chini kabisa, ambavyo sikuwa nimevitoa kwa miaka mingi, vilikuwa vimeshikana kwa ukungu. Kurasa zake ziliachana vipande vipande mikononi mwangu. Bati lilikuwa limekusanya unyevu wa sakafu, na kufuli langu zuri lilikuwa limezuia watu tu. Vile nilivyovificha visiharibiwe na mikono ya watu viliharibiwa na giza.

Nilivitoa vilivyosalia, nikavisimamisha juu ya rafu. Kisha nikauvua ufunguo shingoni, nikauning'iniza kwenye msumari karibu na kitambaa. Shingo yangu ilijisikia tupu kwa siku kadhaa.

Msidhani kwamba hatukupata hasara. Katika mwaka wa kwanza kitabu kimoja cha sarufi kilipotea, mpaka leo hatujui kilikwenda wapi. Kingine kilianguka katika uji. Mdogo wa mwisho alipaka rangi picha zote za kitabu cha maisha ya watakatifu, akampa Mtakatifu Petro shati la kijani la timu yake ya mpira. Niliumia kila mara. Lakini kitabu cha uji kilisomwa na watu saba, nami nilikumbuka vile vinne vya ukungu ambavyo havikusomwa na mtu.

Binti yangu hakukimbilia pale. Majuma ya kwanza alikaa bila kitabu, magoti kifuani, akitazama nje kwa kidirisha. Halafu akachukua kitabu cha picha cha watoto wadogo, cha darasa la pili. Alikishika akiwa amelificha jalada kwa mkono. Maneno yalinijia mpaka menoni: kitabu hicho si cha umri wako. Niliyameza. Nilijifunza kwenda jikoni kwa kuzunguka nje, hata mvua ikinyesha, nisije nikapita mbele yake na uso wa mwalimu. Baada ya miezi miwili au mitatu tulianza kusikia mnong'ono kutoka pale. Alikuwa akijisomea kwa sauti, akikwama, akirudia, bila mtu wa kumcheka.

Siku moja ya masika nilirudi mapema kutoka parokiani. Kitambaa chekundu kilikuwa msumarini. Nilipogeuka ili nizunguke nje, nikasikia sauti mbili. Moja ilikuwa ya binti yangu. Nyingine ilikuwa ya mama yangu, ambaye hakuingia shuleni hata siku moja katika maisha yake. Mtoto alikuwa akisoma polepole sana, neno baada ya neno. Mama yangu alimkatisha: “Rudia hapo.” Mtoto akarudia. “Tena.” Akarudia tena.

Ilinichukua muda kufahamu kwamba hawakusoma kitabu. Ilikuwa barua. Mjomba wangu, mdogo wake mama, alikuwa amekwenda kuchimba dhahabu huko Kamituga, na shimo likamwangukia akafa. Majuma machache kabla ya habari ya msiba, dereva wa lori alikuwa ameleta barua yake. Mama yangu aliihifadhi ndani ya kitambaa, pamoja na kadi yake ya ubatizo, kwa muda wa miaka kumi na mmoja. Mimi nilijua kwamba barua ipo. Nilidhani kwamba mtu alikwisha kumsomea zamani. Kumbe hakuna.

Nilitoka, nikasimama chini ya upenu mpaka mvua ikapungua.

Usiku, wengine walipolala, nilimwuliza: “Mama, kwa nini hukunipa mimi niisome? Nimefundisha nusu ya parokia kusoma, na mimi ni mwanao.”

Alifikiri kidogo, akasema: “Mwanangu, wewe unasoma kama mtu anayesahihisha. Ungaliniambia, hapa amekosea, hapa ameruka herufi. Ndugu yangu hakusoma sana. Sikutaka asahihishwe akiwa amekwisha kufa.” Akanyamaza, kisha akaongeza: “Huyu mtoto anasoma polepole. Yeye naye alisema polepole. Leo nimemsikia.”

Mpaka hii leo sijui barua ile ilisema nini. Sikuuliza. Kanuni ya pili inanihusu na mimi.

Tangu usiku ule nimelifikiri neno la mama yangu kila ninapowatayarisha wasomaji. Nilikuwa nimeamini kwamba nyumbani mwangu vitabu vilikosa ubao, kisha nikaamini vilikosa kiti na ratiba. Kumbe kilichokosekana ni mahali ambapo mtu anaweza kukwama mbele ya neno bila kuhukumiwa. Mbao na taa husaidia, wala mtu asizidharau. Hata hivyo pembe ya kusomea huanza siku ambapo mwenye nguvu ndani ya nyumba anakubali kuacha kitu: ufunguo, kiti chenye mikono, haki ya kumtuma mtoto saa yoyote, haki ya kucheka.

Sasa nakurudia wewe kijana wa nyumba ya watu kumi na mmoja. Labda kwenu hakuna ujia wala kidirisha cha magharibi. Usianze na mbao, basi. Anza na mapatano. Mwendee mama yako wakati ametulia, si wakati yuko motoni, umwombe nusu saa moja ya siku. Vyombo vikiisha kuoshwa, mkeka nyuma ya mlango unatosha, pamoja na kitambaa msumarini. Waombe wadogo zako wakulindie nusu hiyo, nawe uwalindie ya kwao. Usimfanye yeyote asome mbele yako ili umpime. Mwenye kitabu kimoja amwazime mwenzake wa kikundi, na kila kitabu kiwe na mtu anayejulikana wa kukirudishia.

Na ninyi kaka na dada wakubwa, msiseme kwamba hamna ufunguo wowote shingoni. Mnao. Kicheko chenu mbele ya mdogo anayekwama ni kufuli kubwa kuliko langu. Watoto wale wa benchi la mbele hawakuwa wabaya. Walicheka sekunde chache tu, nasi tulihitaji miezi mingi kuufungua mlango walioufunga.

Mtaniuliza kama binti yangu alirudi kusoma kanisani. Alirudi baada ya miaka mitatu, kwa ombi lake mwenyewe, nami sikumfanyisha mazoezi. Alikwama mara moja. Akarudia lile neno kwa utulivu, akaendelea mpaka mwisho. Katika benchi letu mama yangu alitikisa kichwa taratibu, kama mtu anayemsikia anayemfahamu.

Benchi la pembe yetu tumelibadilisha mbao mara mbili, na wajukuu wameanza kulipanda. Sanduku la bati linahifadhi maharagwe. Ufunguo ungali msumarini, umeshika kutu, karibu na kitambaa ambacho si chekundu tena.

Kijana uliyeniuliza, Jumamosi baada ya mafundisho unisubiri. Nitakuja kwenu na mita ya kupimia. Wewe tafuta mbao mbili, na uwaambie wazazi wako kwamba mwalimu haji kukagua.